Makabati ya jikoni: tuagize mtandaoni au tununue hapa hapa Mbeya?

Mama Iwambi:
Wakuu, habari za jioni. Nyumba yetu imeshapigwa plasta na vigae, limebaki jiko. Upande wa sinki ni mita 3, wa dirishani mita 2. Baba watoto kaona ukurasa wa watu wa Dar: unawatumia vipimo, wanapakia makabati ya MDF (zile mbao za unga wa mti ulioshindiliwa) kwenye lori, unatafuta fundi wako wa kufunga. Bei yao iko chini sana kuliko niliyopewa dukani Mwanjelwa. Roho yangu inasita. Mliopitia hili naombeni mawazo, na msiniambie nipambane na hali yangu.

Fundi wa Uyole:
Hongera dada. Huyo "fundi wako wa kufunga" ndiye mimi.

Vipimo kachukua nani? Kama ni shemeji na tepu yake, kapima chini tu, subirini kwanza. Kuta zetu za tofali za kuchoma hazinyooki, plasta inaficha tu. Pima sakafuni, pima kwenye sentimita 90 inapokaa kaunta, pima na juu. Halafu kona: toka konani weka alama sentimita 60 upande mmoja na 80 upande wa pili. Alama kwa alama isome mita 1 kamili. Isiposoma hivyo, kona haiko skwea, yaani si nyuzi 90.

Mwaka jana niliitwa mtaa wa Forest, hapa hapa Mbeya. Mzigo wa Dar, mzuri kweli, bawaba zinajifunga taratibu. Kusogeza ukutani, droo ya juu inagonga bomba la maji. Pembe moja ya chini imevimba, lori lilinyeshewa njiani, na MDF ikishakunywa maji hairudi. Muuzaji anasema vipimo mlitoa wenyewe, ya mvua muulizeni dereva. Droo niliikata mgongo ikaingia. Ile pembe ipo vile vile.

Mkaratusi:
Fundi umenena, ila na nyie wa huku si malaika. Hapa Mafinga shemeji yangu alitengenezewa milango ya paina, mbao mbichi bado zinanuka utomvu. Kiangazi kilipoingia milango ikajikunja. Fundi hapokei simu mpaka kesho.

Fundi wa Uyole:
Mkuu, hilo sibishi. Ndiyo maana dukani mtu usishangae rangi. Chomoa droo, igeuze, tazama kingo: utepe wa kuziba kingo umezunguka kote au mbele tu? Chini ya sinki dai marine board, ubao unaostahimili maji, hapo ndipo maji yanapoanzia. Na pesa usimalize kulipa kabla hawajaja kufunga. Mtandaoni agiza bawaba na reli za droo, hizo hazina shida na ukuta wako.

Mama Iwambi:
Nimepima kona. Alama kwa alama ni mita 1 na sentimita 1. Baba watoto anasema sentimita moja si kitu.

Fundi wa Uyole:
Mwambie mwisho wa ule upande wa mita 2, nyuma ya kabati patabaki mwanya wa kama sentimita 4. Panya anapita. Mwenye duka aje apime mwenyewe, kaunta ikatwe kufuata ukuta. Kama ni granaiti, ipimwe makabati yakishafungwa, siyo kabla.