Nani aliwatuma wamfanye Michael Myers kaka yake Laurie?

Wakuu, hili limenikaa rohoni muda mrefu, leo nalitoa.

Filamu ya kutisha ya Halloween ya mwaka 1978 John Carpenter aliitengeneza kwa dola 300,000 na ushee. Maski ya muuaji, Michael Myers, ni sura ya Captain Kirk wa Star Trek waliyoinunua dukani wakaipaka rangi nyeupe. Damu yenyewe ni ya kutafuta. Na bado ukimaliza kuiangalia unarudi kukagua komeo la mlango. Kwa nini? Kwa sababu yule muuaji hana kisa chochote na yule binti! Laurie katumwa na baba yake, dalali wa nyumba, apeleke ufunguo kwenye nyumba ya zamani ya akina Myers. Jamaa yumo ndani, kamwona. Basi. Angepita binti mwingine, angekuwa huyo.

Hapo ndipo penye hofu. Mtaa umetulia, jua linawaka, watoto wanatoka shule, na yeye kasimama tu kando ya ua wa miti. Usiku Laurie anakimbilia kwa jirani, anapiga mlango huku analia aokolewe. Taa ya nje inawaka, mtu anachungulia, taa inazimwa. Inazimwa, jamani! Tukio hilo linanitisha kuliko kisu.

Sasa njoo 1981, sehemu ya pili: eti Laurie ni mdogo wake Michael. Yaani kitisho chote kimegeuzwa ugomvi wa kifamilia. Mimi nisiye ndugu yake niogope nini? Wakanogewa: 1995 wakaleta kundi la kishirikina lililomlaani, 2007 wakatuletea utoto wake, mpenzi mkorofi wa mama yake na wenzake wanaomwonea shuleni, ili tumhurumie. Dk. Loomis, daktari wa akili aliyemtibu Michael, kakaa naye miaka 15 akatoka bila jibu. Hawa waandishi wamelitoa wapi?

Filamu ya 2018 walipoufuta ule undugu, nilishukuru. Halafu nakuta watu wazima wanalalamika kwamba sasa muuaji "hana sababu". Mnaangalia nini nyie?

Na msiniletee habari ya Judith. Ndiyo, Michael alimuua dada yake huyo 1963, akiwa na miaka sita, na filamu haikusema kwa nini. Ilijua inachofanya.

Anayeutetea ule undugu anitajie tukio moja tu la 1978 linalotisha zaidi ukishajua Laurie ni mdogo wake. Moja tu.