Naomba ushauri: daktari wangu mwenyewe hapimi saratani ya utumbo, na mimi ananiambia nisipime
Wakuu, habari zenu. Nina miaka 47. Nilimuulizia daktari wangu kipimo cha saratani ya utumbo mpana, akasema kama sina dalili nisijisumbue. Koti lake linanuka sigara, na nilipomuuliza kama yeye ameshapima alicheka tu. Sasa huo ni utaalamu au mazoea yake? Maana mwongozo wa Marekani tangu 2021 unasema mtu aanze akiwa na miaka 45, hata bila dalili, kwa sababu vinyama huota ndani kimya kimya na vikiondolewa mapema saratani inazuilika. Tena kuna kipimo cha choo, hata sindano hakina! Nimbane anipe rufaa, au nihamie kwa mwingine? Mliowahi kumbishia daktari, mlianzaje?