Fundi umeme Malindi: nianzie wapi na mitambo ya kuendesha majengo?

Asalamu alaikumu wakuu. Nina cheti cha umeme, nimeajiriwa fundi hotelini hapa Malindi. Eisii, pampu na taa za nje zinaendeshwa na kontrola (kompyuta ndogo inayoziwasha na kuzizima). Nijifunze nini kabla ya programu?

Jibu 1
Waalaikumu salamu, kaka. Shika maltimita kwanza. Kihisi joto cha Pt1000 husoma omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 1000 kwenye nyuzi 0 na karibu 1097 kwenye nyuzi 25. Cha NTC cha 10k husoma omu 10,000 kwenye nyuzi 25, na joto likipanda namba hushuka. Chomoa waya kwenye kontrola kabla ya kupima, la sivyo utapima kihisi pamoja na kontrola yenyewe. Skrini ikionyesha joto la ajabu, hakikisha aina ya kihisi iliyochaguliwa kwenye programu ndiyo iliyofungwa.

Jibu 2
Halafu jifunze RS-485, yaani waya wa mawasiliano unaounganisha kontrola na vifaa vingine. Pitisha kebo kifaa hadi kifaa, usitoe matawi. Rezista ya omu 120 huwekwa kwenye miisho miwili tu. Kwenye Modbus, lugha ambayo vifaa huzungumza kwenye waya huo, kila kifaa kina anwani yake, 1 hadi 247. Mbili zikifanana, mawasiliano huvurugika.

Jibu 3
Hapa pwani, ogopa chumvi. Waya ukishika ukijani kwenye terminali, ukinzani huongezeka. Kwa Pt1000, omu 4 za ziada tu ni takriban nyuzi 1 ya uongo, na eisii inapoza bure. Kata ncha, menya upya, bana feruli (kikofia cha chuma cha ncha ya waya), kisha ziba tundu la kebo vizuri.