Mrejesho: anwani za wavuti kwenye matangazo ya vyumba

Wakuu, nilileta hapa shida ya matangazo ya vyumba vya kupanga: madalali wa Sinza na Tabata wanabandika anwani tupu za wavuti, nami nilitaka zigeuke viungo vya kubofya. Imekubali.

Nimefuata ule ushauri mlionipa wa kutotafuta rejeksi (regex, mpangilio wa alama wa kutafutia maandishi) moja ya kumaliza kila kitu. Sasa ni fupi tu, https?://[^\s<>"]+, inazoa chochote mpaka ikutane na nafasi, alama ya < au >, au alama ya nukuu. Kisha preg_replace_callback ya PHP inapeleka kila anwani kwenye fanksheni (kipande cha msimbo) niliyoiandika, na humo ndimo kazi yenyewe ilipo. Nakata nukta, koma na alama ya kuuliza za mwishoni, maana dalali akimaliza sentensi, nukta yake ilikuwa inaingia ndani ya kiungo na ukurasa haufunguki. Mabano ya kufunga nayakata pale tu yanapozidi ya kufungua, la sivyo kurasa za Wikipedia zenye mabano zinavunjika. Maandishi yanayoonekana ni kikoa (jina la tovuti) peke yake. Anwani ndefu zilikuwa zinapasua skrini za simu.

Aliyenikumbusha htmlspecialchars (fanksheni ya PHP inayogeuza alama maalumu za HTML ziwe salama) kabla ya kuchapa href, yaani anwani ya kiungo, ahsante sana mkuu. Zile zinazoanza na www bila https bado sijazigusa.