Nakuru hadi Kisumu na karavani nyuma, mvua hii: Kericho au Kapsabet?

Mpigahema_Nax
Wakuu, nimenunua karavani kuukuu, kilo 1,200, naivuta kwa pikapu ya dizeli. Wiki ijayo lazima ifike Dunga, ufukweni Kisumu, na mvua ndiyo hiyo. Nipite Mau Summit, Kericho na Ahero, ama nizunguke Eldoret, Kapsabet, Chavakali? Jumapili nilijaribu hadi Salgaa kwenye manyunyu, ikaanza kucheza mkia, nyuma ikiyumba kushoto kulia. Nilitoka jasho.

Tanboi_Mstaafu
Kericho, bila mjadala. Ukienda Eldoret unapandia Timboroa, mita zaidi ya 2,700, ukungu na upepo wa ubavuni, na unaongeza zaidi ya kilomita 70. Mteremko wenyewe hujaukwepa: kutoka Kiboswa kushuka Mamboleo unakungoja, tena umeshachoka.

MamaKipkelion
Mzee, sawa, lakini si Kericho ya alasiri. Mvua ya huku hupenda saa nane, saa tisa, na ukungu wa kwenye chai haupigi hodi. Pale makutano ya Londiani, Juni 2023, lori liliacha njia watu zaidi ya 50 wakafa. Mimi hupapita polepole hata jua likiwaka. Toka Nakuru saa kumi na mbili asubuhi.

Fundi_Shabab
Mnabishania njia na ugonjwa uko kwenye mzigo. Trela inayocheza mkia mara nyingi imelemewa nyuma. Vitu vizito vikae juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Weka mizani ya kujipimia chini ya pua ya trela, pale inaposhikana na gari: isome karibu asilimia 10 ya uzito wote wa trela, kwako kama kilo 120, ila soma kwanza kibati cha ndoano ya gari ujue kikomo chake.

Ikianza tena, toa mguu kwenye mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, usikanyage breki ghafla. Mteremkoni ingiza gia ndogo kabla hujaanza kushuka. Ukishuka umekalia breki zitapata moto na hazitashika. Na matairi! Karavani iliyokaa sana, tairi hupasuka ubavuni meno yakiwa bado mapya.

Opuk_Minnesota
Nimevuta trela huku Januari. Daraja huganda kabla ya barabara, na barafu yenyewe huioni mpaka uko juu yake. Trela za huku zina breki ya umeme yenye kidude chake karibu na usukani: ikicheza, unabana ya trela peke yake, inajinyoosha. Kwenu barafu hakuna, lakini tope la matrekta ya miwa kule Awasi likinyeshewa, ni ndugu yake.

Mpigahema_Nax
Nimefungua kabati la nyuma. Jenereta, na madumu sita ya maji, yamejaa.

Fundi_Shabab
Maji unapeleka ziwani, kaka? Mwaga, ulete hiyo karavani Jumamosi kabla ya saa sita tuipime.