Maskauti wetu wamealikwa na shirika la ndege hapa Kisumu: tuwaandae vipi?

Kiongozi wa Kondele

Hamjambo wanajukwaa. Mimi ni mwalimu na kiongozi wa maskauti katika shule moja hapa Kisumu. Shirika moja la ndege linalosafiri kati ya Nairobi na Kisumu limekubali kuwapokea maskauti wetu wa Chipukizi, yaani wale wadogo, na wa Mwamba, wanaowazidi umri, kwa asubuhi moja uwanjani. Hakuna atakayepaa, wataingia katika ndege iliyoegeshwa, watazungumza na rubani na wahudumu, kisha wataonyeshwa kazi ya mafundi na ya wapakiaji mizigo. Watoto hawa wanazitambua ndege kwa mlio tu, kwa kuwa zinapita juu ya paa za nyumba zao, lakini wengi hawajawahi kuvuka lango la uwanja wenyewe.

Ninachohofia ni kwamba ziara za namna hii huishia kwenye picha. Mtoto anasimama kwenye ngazi ya ndege, anapigwa picha, anapewa soda na kofia yenye nembo, na wiki ikiisha hana alichobaki nacho. Ningependa wangu wafike wakiwa na maswali yao wenyewe. Nina Jumamosi chache za kuwaandaa. Je, niwafundishe nini? Pia naomba mnishauri kuhusu jambo linalonisumbua zaidi: ni haki kweli kumwonyesha mtoto wa mchuuzi wa samaki kazi ambayo masomo yake hulipiwa mamilioni ya shilingi?

Mstaafu wa Mnarani

Mwalimu, anza na dira, kwa sababu hiyo maskauti wanayo tayari na wanajua kuisoma. Njia ya kurukia ndege ya Kisumu imeandikwa 06 upande mmoja na 24 upande wa pili, na tarakimu hizo ni nyuzi za dira zilizoondolewa sifuri ya mwisho: nyuzi 060, yaani kaskazini mashariki, na nyuzi 240, yaani kusini magharibi. Wapeleke uwanja wa mpira, kila mmoja aelekeze dira yake nyuzi 240, kisha waulize ndege inayopaa kuelekea huko inaona nini mbele yake. Watakujibu kwamba inaona ziwa.

Ukishafika hapo, waeleze habari za upepo. Ndege hupaa na kutua ikiukabili upepo, kwa kuwa mabawa yanahitaji hewa inayopita kwa kasi, na upepo wa mbele huiongeza kasi hiyo bila injini kutumia nguvu zaidi. Sisi tunaoishi kando ya ziwa tunajua kwamba alfajiri upepo hutoka nchi kavu kwenda majini, na jua likishapanda hugeuka ukatoka ziwani. Kwa hiyo mara nyingi ndege inayotumia upande mmoja asubuhi hutumia upande wa pili alasiri. Mvuvi wa Dunga anaujua upepo huo huo, na mtoto wa mvuvi akigundua kwamba yeye na rubani wanausoma kwa namna moja, hutahitaji hotuba yoyote ya kumtia moyo. Uwanjani wauangalie mfuko wa upepo ulio kwenye mlingoti, wamwambie mwenyeji wao ndege itakayofuata itapaa kuelekea wapi, halafu wasubiri waone kama wamepatia.

Wenye umri mkubwa kidogo wape hesabu ya mwinuko. Uwanja wa Kisumu uko takriban mita 1,150 juu ya usawa wa bahari, na ule wa Eldoret uko takriban mita 2,100. Hewa ya Eldoret ni nyepesi zaidi, hivyo ndege ile ile yenye uzito ule ule huhitaji kukimbia umbali mrefu zaidi ndipo iinuke. Waache wajadili wenyewe sababu yake kabla hujawaeleza.

Na kama bado mnafundisha alfabeti ya Morse, msiiache. Vituo vya redio vinavyowaongoza marubani hujitambulisha kwa herufi za Morse, na rubani husikiliza herufi hizo ili ahakikishe kwamba amekamata kituo anachokitaka.

Mniwie radhi nikiongeza jambo la wazee: mji huu haukuanza jana kuzipokea ndege. Shirika la Imperial Airways la Uingereza lilipoanzisha safari zake za Afrika Mashariki mwaka 1931, Kisumu ilikuwa kituo cha ndege zinazotua juu ya maji, na abiria walishukia ziwani.

Fundi wa Hangari

Nakubaliana na mzee, ila usalama utangulie, kwa sababu sare ya skauti ina vitu visivyotakiwa karibu na ndege. Skafu, kofia na filimbi zenye kamba viwekwe ndani ya mfuko kabla ya kuingia eneo la maegesho ya ndege. Kitu chochote kinachopeperuka kinaweza kuvutwa na injini au kugonga mapanga yake yanayozunguka. Visu vya kambini vibaki shuleni kabisa, la sivyo mtakwama kwenye ukaguzi na asubuhi yenu itaishia hapo. Majina ya watoto na nakala za vyeti vyao vya kuzaliwa vipelekwe mapema, kwa sababu maeneo ya ndani hayaingiliki bila kibali.

Safari za Nairobi na Kisumu huhudumiwa mara nyingi na ndege aina ya Dash 8-400, ambayo mabawa yake yako juu ya mwili na kila injini ina mapanga sita. Mwombeni fundi awaonyeshe sanduku lake la vifaa. Kila kifaa kina nafasi yake iliyochongwa kwa umbo lake, ili spana moja ikikosekana pengo lionekane papo hapo, na ndege haiondoki mpaka spana hiyo ipatikane. Baada ya kazi fundi hutia sahihi kwa jina lake na namba ya leseni yake. Mtoto akiuona ule ukurasa wenye sahihi, ataelewa uwajibikaji kuliko kwa maelezo yangu yote.

Waombeni pia wenyeji wenu wasiwape watoto rubani peke yake. Marubani huvutia, lakini kazi zilizo nyingi ziko chini, ardhini.

Mama wa Kakamega

Naheshimu mawazo ya walionitangulia, lakini swali la mwisho la Mwalimu halijajibiwa. Mwanangu alirudi kutoka ziara kama hiyo akisema atakuwa rubani, na kwa muda mrefu hakutaka kusikia kazi nyingine. Mimi ni muuza mboga. Nani amweleze kwamba mlango alioonyeshwa una bei, na bei yenyewe hatuijui hata pa kuanzia kuiuliza? Shirika hupata sifa, mzazi hubaki na maswali. Sisemi ziara zifutwe. Ninachosema ni kwamba anayemwonyesha mtoto ndege amwonyeshe pia njia ya kuifikia.

Dada wa Embakasi

Mama, hoja yako ina uzito, nami nitajaribu kuijibu bila kuipaka sukari. Leseni ya rubani mwanafunzi hutolewa kuanzia miaka 16, ya rubani binafsi miaka 17, na ya rubani wa biashara miaka 18, na kila hatua ina saa za kuruka na uchunguzi wa daktari. Saa za kuruka ndizo ghali, kwa sababu mwanafunzi hulipia ndege, mafuta na mkufunzi. Mzazi wa kipato cha kawaida hawezi kuzibeba peke yake, atahitaji mdhamini.

Hata hivyo, urubani ni mlango mmoja tu. Chuo cha usafiri wa anga cha Embakasi, kilichoanzishwa mwaka 1954, hufundisha uongozaji wa ndege kutoka mnarani, ufundi na utendaji wa viwanja. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Kenya kina shahada ya uhandisi wa ndege, na kwenu huko magharibi, Chuo Kikuu cha Moi kina kitivo cha sayansi za anga. Katika shahada kama hizi mwanafunzi aliyepangiwa nafasi na serikali anaweza kuomba mkopo wa elimu ya juu kama wenzake wa fani nyingine. Kinachowaangusha wengi ni kuacha hisabati na fizikia mapema, nao uamuzi huo hufanywa katika umri huu huu wa maskauti wa Mwalimu. Kwa hiyo ningependa wazazi waalikwe angalau kwenye mazungumzo ya mwisho, wamuulize mwenyeji maswali ya ada ana kwa ana.

Jasiri wa Nakuru

Nyongeza fupi kwa zile Jumamosi: waache watengeneze tiara. Baden Baden-Powell, mdogo wake mwanzilishi wa skauti, alitengeneza tiara kubwa zilizoweza kumwinua mtu mwaka 1894, kabla ndege yenye injini haijaruka na kabla skauti yenyewe haijaanza. Chipukizi akivuta kamba ya tiara yake atauhisi mkononi ule upepo anaoueleza mzee.

Kiongozi wa Kondele

Nawashukuru nyote. Nitaanza na dira, kisha tiara, na hesabu ya Eldoret nitawaachia wa Mwamba. Leo nimeliandikia shirika barua mpya nikiomba mambo mawili: fundi na sanduku lake wawemo kwenye ratiba, na wazazi wapewe saa moja ya kuuliza habari za ada na mikopo, hata kama itatubidi kufupisha muda wa kukaa ndani ya ndege. Mama wa Kakamega, ikiwa una swali ungependa liulizwe siku hiyo, liandike hapa nami nitalisoma mbele yao. Fundi, naomba unifafanulie jambo moja: mikanda ya sare yetu ina vifungo vya chuma. Ivuliwe kabla ya ukaguzi, au tuiache shuleni pamoja na visu?

Fundi wa Hangari

Njooni nayo, mtaivua kwenye mashine na kuivaa tena. Ila waanze kupanga foleni mapema, kwa sababu mikanda ya darasa zima huchukua muda, na ndege ya asubuhi haitawasubiri muione ikitua.