Mjadala: Je, kupiga marufuku mitumba kutayasafisha mazingira ya Uganda?

Ndugu zangu, naleta hoja. Agosti 2023, akiwa Mbale kwenye eneo la viwanda, Rais Museveni alitangaza kuwa nguo za mitumba hazitaingia tena nchini. Alisema ni nguo za Wazungu waliokufa, na kwamba zinaua viwanda vyetu. Sasa wapo wanaoongeza sababu ya mazingira: hizo ni taka za wenzetu. Mimi nasema marufuku ya jumla itatuchafulia nchi zaidi.

Tujiulize kwanza nini kitaziba pengo. Mama wa Soroti akikosa sketi ya mitumba hatapata ya pamba ya Lango, kwa sababu sokoni haipo. Asilimia 90 hivi ya pamba yetu iliyochambuliwa husafirishwa nje ikiwa ghafi. Atakachokuta ni poliesta mpya kutoka China. Poliesta hutengenezwa kwa mafuta ya petroli, haiozi, na kila ukiifua inaachia nyuzi za plastiki zisizoonekana kwa macho. Kwa sisi wa Kampala, maji hayo yanashuka mfereji wa Nakivubo hadi Ziwa Victoria. Shati la pamba lililokwisha kushonwa, hata kama lilivaliwa kwanza Hamburg, maji na umeme wake vilishatumika. Ukilivaa miaka mingine mitano huongezi gharama nyingine ya kulitengeneza.

Lakini siipambi mitumba. Aliyewahi kufungua robota anajua: ndani mna gredi ya kwanza, mna nguo za kawaida, halafu mna soksi moja moja, suruali zilizochanika na makoti mazito ya theluji. Vyote vimelipiwa. Visivyouzika vinachomwa au vinabebwa na magari ya taka, na tuliona Agosti 2024 jinsi lundo la taka za Kampala kule Kiteezi lilivyoporomoka na kuua zaidi ya watu 30. Hapa ndipo pa kukaza kamba: marobota yakaguliwe kabla ya kupakiwa melini, na anayetuma uchafu arudishiwe mzigo wake kwa gharama yake. Mbunifu Bobby Kolade wa Kampala, kupitia chapa yake ya Buzigahill, huchana nguo za mitumba, huzishona upya na kuziuza kulekule zilikotoka. Kazi hiyo inastahili mafundi wengi zaidi.

Nakaribisha wanaopinga.

Muuzaji, soko la Owino, Kampala:
Kaka, nauza nguo za watoto. Robota huja limefungwa. Unalipa kwanza ndipo unafungua. Likiwa bovu, hasara ni yangu na ada ya shule ya wanangu inayumba. Kwa hiyo ukaguzi nautaka kuliko wewe. Ila unajua nani atalipia ukaguzi huo? Bei itapandishwa hadi imfikie mteja wangu, ambaye gauni moja analivalisha watoto watatu kwa zamu. Huyo ndiye anayetunza mazingira kuliko sisi wote, na hamjamtaja.

Mzee, Jinja:
Mimi naunga mkono marufuku. Nytil, kiwanda cha nguo cha hapa kwetu, kilianza tangu enzi za ukoloni, na pamba yetu inalimwa kwa mvua, si kwa kumwagilia. Zile lita 2,700 za maji zinazokadiriwa kwa fulana moja ya pamba duniani haziwezi kupimwa sawasawa kwa mkulima wa Busoga. Nguo safi kwa mazingira tunayo shambani! Kinachokosekana ni soko, na soko limekaliwa na mitumba. Rwanda mwaka 2016 ilipandisha ushuru wa mitumba kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo. Marekani ikaiondolea nafuu ya AGOA, mpango wake wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, kwa nguo mwaka 2018, na bado haikurudi nyuma. Mkingoja viwanda vikomae kwanza, mtangoja hadi wajukuu wangu wazeeke.

Mleta hoja:
Dada, umenigusa. Bei ya robota inaweza kupanda, lakini leo unalipia pia vile unavyotupa. Likija na nguo zinazouzika tupu, nadhani gauni lile halitapanda sana. Na ushuru ambao tayari unakatwa kwenye mitumba ungeweza kubeba gharama ya wakaguzi.

Mzee wangu, shikamoo. Kuhusu pamba tuko pamoja kabisa. Tofauti yetu ni mlango wa kuingilia. Sare za shule hazitoki kwenye mitumba; zinashonwa mpya kila mwaka, kwa mamilioni ya watoto, na nyingi ni za poliesta. Jeshi tayari linavaa kitambaa cha kiwanda cha Jinja. Serikali ikiagiza mashati na sketi za shule zote za umma zishonwe kwa pamba ya Uganda, kiwanda kinapata soko la uhakika mwaka hadi mwaka, na Owino haipotezi hata mteja mmoja. Ungekubali tuanzie hapo, kisha ushuru wa mitumba upande taratibu kadiri kitambaa chetu kinavyoongezeka madukani?